Ajali Ina Kinga: Tairi Halipasuki kwa Bahati Mbaya

Jioni ya Juni 28, 2025, mabasi mawili, moja kubwa na jingine dogo, yaligongana wilayani Same, mkoani Kilimanjaro, yakawaka moto. Taarifa ya Ikulu ilitaja vifo vya watu 38, wengi wao wakiwa wameungua kiasi cha kutotambulika. Taarifa hiyo ilieleza pia kwamba tairi moja la basi lilipata pancha na dereva akashindwa kulimudu gari.

Siandiki kumhukumu dereva wa Same wala mwenye basi. Napinga kauli inayotutoka kila tairi linapotajwa kwenye habari za vifo: "Ajali haina kinga." Kauli hiyo ikishatamkwa, maswali yote hufa. Hakuna anayeuliza tairi lilikuwa na umri gani, lilikuwa na upepo kiasi gani, lilibebeshwa mzigo gani, na nani aliliruhusu liingie barabarani asubuhi ile. Tunazika, tunachangishana, tunasubiri jingine.

Wanaoshikilia mtazamo huu wana hoja, na ni haki zisemwe kama wanavyozisema wenyewe. Wanasema barabara zetu zina mashimo, misumari na mawe, na hata tairi jipya lililotoka dukani leo linaweza kupasuka kesho. Wanasema matairi mapya ni ghali na mwenye daladala au Noah moja hawezi kushindana na bei ya soko. Wanasema jua letu ni kali na lami huchemka. Wanasema dereva ni mtumishi tu: akikataa mzigo, kesho usukani anao mwingine. Na zaidi ya yote, wanasema kuna siku imeandikwa, na mfiwa hafarijiwi kwa hesabu za upepo.

Kila moja ya hoja hizi ina chembe ya ukweli. Zikikusanywa pamoja, zinatengeneza uongo mmoja mkubwa unaoua watu. Nazichukua moja baada ya nyingine.

1. "Tairi hupasuka ghafla, nani angejua?"

Mlio ndio wa ghafla. Kufa kwa tairi huchukua siku nyingi. Mpira peke yake hauwezi kulibeba gari. Linabebwa na upepo uliofungiwa ndani ya mpira huo. Upepo ukipungua, ubavu wa tairi hukunjika zaidi kila linapozunguka, na kila kukunjika huzaa joto. Gari dogo likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, tairi lake huzunguka zaidi ya mara 10 kila sekunde. Joto hilo hulegeza mshikamano kati ya mpira na nyaya za chuma zilizomo ndani, tabaka huanza kuachana, na siku moja tairi hufumuka. Shimo la barabarani tunalolilaumu mara nyingi limemalizia tu kazi iliyoanzishwa wiki nyingi nyuma na mtu ambaye hakupima upepo.

Uwezo wa kila tairi umeandikwa ubavuni mwake, na kila mwenye macho anaweza kuusoma. Tukichukua Noah, matairi yake mengi ni ya kipimo cha 195/65R15, na baada ya kipimo hicho hufuata namba 91. Namba 91 maana yake ni kwamba tairi moja linaruhusiwa kubeba kilo 615 likiwa limejaa upepo wake sawasawa. Matairi manne ni kilo 2,460. Gari lenyewe likiwa tupu lina karibu tani moja na nusu. Pakia watu 14 wa kilo 60 kila mmoja, hiyo ni kilo 840. Weka juu ya keria magunia matatu ya mahindi ya kilo 100. Jumla ni kilo 2,640. Umeshavuka uwezo wa matairi yote manne kabla hujatoka stendi, na hapo tumekisia kwamba uzito umegawanyika sawa. Haugawanyiki sawa: abiria waliobanana viti vya nyuma na mizigo ya buti huyaelemea matairi mawili ya nyuma, ambayo kwa pamoja yanaruhusiwa kilo 1,230 tu. Upepo ukiwa pungufu, hata huo uwezo haupo tena.

Kwa hiyo jibu la swali la "nani angejua" liko wazi. Angejua mpigadebe aliyesukumiza abiria wa 14. Angejua dereva aliyeliona gari limekalia matairi. Angejua mwenye gari, ambaye anadai hesabu yake ya siku bila kuuliza imepatikanaje. Wengi wao hulikagua tairi kwa kulipiga teke au kuligonga kwa spana, ilhali tairi la kisasa linaweza kupoteza sehemu kubwa ya upepo wake na bado likaonekana zima kwa macho. Kwenye malori na mabasi hali ni mbaya zaidi, kwa sababu magurudumu ya nyuma hukaa mawili mawili: la ndani likiisha upepo, la nje hulibebea mzigo wake, likachemka, likafuata. Geji ya kupimia upepo ni miongoni mwa vifaa vya bei ndogo kabisa katika duka la vipuri. Asiyekuwa nayo hajakosa fedha, amekosa kuamini kwamba inamhusu.

2. "Kukiwa na joto, punguza upepo"

Ushauri huu unatolewa kwenye vibanda vya pancha na kwenye vijiwe vya madereva kwa uhakika wa ajabu: jua likiwa kali na safari ikiwa ndefu, toa upepo kidogo ili tairi lisipasuke. Ni ushauri unaosababisha kile kile unachodai kukizuia. Ni kweli upepo hutanuka ukipata joto, na geji itasoma juu zaidi baada ya saa moja ya mwendo. Aliyeliunda gari aliliwekea hesabu jambo hilo. Ndiyo maana kipimo kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva ni cha tairi la baridi, yaani kabla gari halijatembea. Ukilitoa upepo likiwa la moto, litakapopoa litakuwa pungufu, na kesho litaanza safari likiwa tayari limelegea, likikunjika na kujichemsha.

Dunia imekwisha kulipia somo hili. Agosti 2000 kampuni ya Firestone nchini Marekani ilitangaza kuyarudisha matairi milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer. Tabaka la juu la matairi hayo lilikuwa likibanduka katika mwendo kasi na magari yakapinduka. Vifo vilivyohusishwa nayo nchini humo vilizidi 250. Kampuni hizo mbili zilibishana vikali kuhusu nani mkosaji. Tairi lilikuwa na kasoro zake, lakini katika ubishi ule kulikuwa na jambo moja la kutufunza: Ford ilikuwa imependekeza upepo wa psi 26, wakati Firestone ilisema ilipaswa kuwa psi 30. Ajali nyingi zilitokea katika majimbo ya joto kama Texas, Florida na Arizona. Upepo mdogo, mzigo, kasi na jua vilikutana. Baada ya msiba huo Marekani ilitunga sheria iliyofanya magari madogo mapya yote yafungwe kifaa cha kumwonya dereva upepo unapopungua. Wao walijibu joto kwa kulinda upepo. Sisi tunajibu joto kwa kuutoa.

Kosa la upande wa pili nalo lipo: fundi anayejaza mpaka namba kubwa iliyoandikwa kwenye tairi lenyewe. Namba ile ni ukomo, si kipimo cha gari lako. Kipimo chako kiko mlangoni, na mara nyingi kimeandikwa mara mbili: gari tupu na gari lenye mzigo.

3. "Mtumba ndio uwezo wetu"

Hoja ya umaskini ndiyo inayogusa moyo kuliko zote, kwa hiyo inahitaji kujibiwa kwa fedha. Tairi jipya la gari dogo huwa na kashata, yaani michongo ya uso wa tairi, za kina cha takriban milimita 8. Katika nchi nyingi za Ulaya, tairi likifika milimita 1.6 haliruhusiwi tena barabarani. Maana yake ni kwamba maisha ya tairi ni milimita 6.4. Ukinunua la mtumba lililobaki milimita 3, umenunua milimita 1.4 za maisha, yaani kama asilimia 22. Likiuzwa kwa nusu ya bei ya jipya, umelipa zaidi ya mara mbili kwa kila kilomita utakayotembea. Mwenye Noah anayesema hana uwezo wa jipya atanunua mtumba mara nne ndani ya muda ambao jipya moja lingemfikisha, na kila mara atalipa fundi wa kufunga, atalipa pancha, atapoteza siku ya kazi. Umaskini huu unanunuliwa kwa awamu.

Gharama nyingine haionekani hata kwa kupima kashata. Mpira huzeeka hata ukiwa umehifadhiwa ghalani. Hukauka, hupasuka vijinyufa, na nyaya zake huachana. Ndiyo maana watengenezaji wengi wa magari hushauri tairi libadilishwe likifikisha miaka sita, na watengenezaji wa matairi huweka ukomo wa miaka kumi hata kama kashata bado zimesimama. Tarehe ya kuzaliwa imeandikwa ubavuni, mwisho wa mstari unaoanza na herufi DOT: namba nne, mbili za kwanza zikiwa wiki na mbili za mwisho mwaka. Tairi lenye 2314 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mama anayenunua maziwa ya kopo kwa ajili ya mtoto hugeuza kopo atafute tarehe. Mumewe hununua tairi litakalombeba mtoto huyo huyo kwa kuangalia weusi wake tu, na weusi wenyewe umepakwa asubuhi hiyo.

Kisha wapo wanaochonga kashata upya kwenye tairi lililokwisha, kwa chuma cha moto, ili trafiki asiliite kipara. Mchongo huo unakula mpira mwembamba uliobaki juu ya nyaya. Kwa kusudi la kumdanganya askari kwa dakika mbili, wanaondoa ngao ya mwisho iliyowakinga abiria kwa safari nzima.

4. "Mzigo ndio faida"

Wenye malori na mabasi husema gharama za mafuta na marejesho ya mkopo haziwezi kulipwa na gari lililopakiwa kisheria. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima, na tani 10 kwa ekseli moja yenye magurudumu manne. Wanaiona sheria hiyo kama adui wa biashara, na mizani ya Vigwaza au Mikese kama kizuizi cha kupenya.

Wangeutazama upande wa pili wa daftari. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika jimboni Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa lami hupanda kwa kasi kubwa kuliko uzito wenyewe, takriban kwa kipeo cha nne. Ekseli ya tani 10 ikibebeshwa tani 12, mzigo umeongezeka kwa asilimia 20, lakini uharibifu umekuwa maradufu. Mashimo yale yale tunayoyalaumu kwa kupasua matairi yamechimbwa na magari yaliyozidisha mzigo. Mtu anavunja barabara kwa faida yake ya leo, kisha kesho anasimama kando ya gari lililopinduka akisema barabara ni mbovu. Faida aliitia mfukoni peke yake. Hasara analipa kila anayenunua lita ya mafuta yenye tozo ya barabara.

Mzigo haumalizi kazi yake kwenye tairi. Gari lililoelemewa linahitaji masafa marefu zaidi kusimama, na breki zake huchemka mapema. Kwenye mteremko wa Kitonga mkoani Iringa au Mlima Nyoka mkoani Mbeya, joto hilo ndilo linalozifanya breki zikatae. Dereva akiongeza kosa la kuweka gia huru ili aokoe dizeli, ameinyima injini nafasi ya kumsaidia kuzuia gari, na amezikabidhi breki tani zote peke yake. Mzigo ukiwekwa juu ya keria, kitovu cha uzito kinapanda juu, na gari ambalo lingekata kona salama linalala ubavu. Mzigo usiofungwa ni hatari ya namna yake: kanuni za Ulaya za ufungaji wa shehena hutaka kamba na minyororo ihimili, kwa upande wa mbele, nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wa shehena, kwa sababu ndivyo mzigo unavyosukuma breki kali inapokanyagwa. Magunia yaliyoachwa bila kufungwa nyuma ya viti vya abiria huwasukuma abiria hao kwa nguvu hiyo hiyo.

Na tukumbuke kwamba mizani huita magari makubwa pekee. Noah, Probox na Hiace hayapimwi na mtu yeyote. Magari yanayobeba watu wengi wa vijijini yameachiwa dhamiri ya mpakiaji.

5. "Likitokea la kutokea, watu watasaidia"

Gari likiharibika njiani, utamaduni wetu una majibu mawili: kukata matawi na kutafuta mawe. Matawi hutupwa hatua chache nyuma ya lori, mawe huwekwa chini ya matairi. Gari likipona, dereva anaondoka, mawe yanabaki katikati ya lami yakimsubiri mwenye pikipiki wa usiku. Nao wema huo wa kuonya kwa matawi ni mdogo kuliko hatari yake. Gari dogo lililo kwenye kilomita 80 kwa saa hutembea mita 22 kila sekunde. Mpaka dereva aone, aamue na asimame, amekwisha tumia kama mita 70 kwenye lami kavu. Lori lenye mzigo huhitaji zaidi, na lami yenye maji huongeza tena. Tawi lililo mita 10 nyuma ya lori bovu usiku halimwonyi mtu. Linamwambia tu amegonga nini.

Pembetatu za kuakisi mwanga zipo kwenye magari mengi. Mtungi wa kuzimia moto upo. Ukiuliza kwa nini vipo, utajibiwa: trafiki anavidai. Pembetatu imefungwa plastiki yake ya dukani na haijawahi kusimamishwa barabarani. Mtungi umeisha muda, na kondakta hajui pini inavyotolewa. Tairi la akiba liko chini ya buti, limezikwa na mizigo, halina upepo. Jeki ni ya gari jingine. Tumenunua vifaa vya uokoaji na kuvigeuza kuwa risiti ya kumwonyesha askari.

Kujiandaa maana yake ni mambo machache yanayofanywa kwa mpangilio. Tairi likipasuka, shika usukani kwa mikono miwili, usikanyage breki ghafla, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, liache gari lipungue kasi, kisha toka nje ya lami. Washa taa za dharura. Teremsha abiria wote, wakae mbali na barabara, wala pasiwe na mtu anayesimama nyuma ya gari. Weka pembetatu mbali vya kutosha ili anayekuja kwa kasi apate nafasi ya kusimama. Baada ya kubadilisha tairi, ondoa kila jiwe ulilolileta. Namba 112 ya polisi na 114 ya Zimamoto na Uokoaji ziwe kwenye simu ya dereva na ya kondakta, na zibandikwe ndani ya gari abiria wazione.

Maandalizi haya yanawahusu hata watazamaji. Januari 31, 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, Kenya; Agosti 10, 2019, jingine lilipinduka Msamvu, Morogoro. Mara zote mbili watu walikimbilia kuchota mafuta, moto ukalipuka, na kila tukio liliua watu zaidi ya 100. Miaka kumi ilipita kati ya misiba hiyo, na somo la kwanza halikutufikia. Penye lori la mafuta lililopinduka, msaada wa kwanza ni kukaa mbali na kuwazuia wengine wasisogee.

6. "Ni mapenzi ya Mungu"

Hoja hii naigusa kwa heshima, kwa kuwa inasemwa na wafiwa. Lakini inasemwa pia na wasiofiwa: mwenye gari, msimamizi, msemaji wa kampuni. Midomoni mwao imekuwa pahali pa kujificha, na dini zenyewe haziwapi nafasi hiyo. Waislamu wanaijua habari ya mtu aliyetaka kumwacha ngamia wake huru na kumtegemea Mungu, akaambiwa na Mtume amfunge kwanza. Wakristo na Wayahudi wanayo amri katika Kumbukumbu la Torati inayomtaka ajengaye nyumba aweke ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Mafundisho yote mawili yanamdai mwanadamu atimize wajibu wake kabla ya kutaja majaliwa. Anayepeleka tairi kipara barabarani kisha akamtaja Mungu, anamsingizia Mungu kazi ya mikono yake.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani huua takriban watu milioni 1.19 kila mwaka duniani. Vifo hivyo vingekuwa kudura tupu, vingegawanyika sawa katika nchi zote. Havigawanyiki hivyo: nchi zenye kipato cha chini huzika watu wengi zaidi kwa kulinganisha na idadi ya magari yao, na tofauti hiyo imeletwa na maamuzi ya watu.

Basi kauli ya "tairi lilipasuka" isikubaliwe tena kuwa mwisho wa taarifa. Polisi na waandishi wa habari waulize mambo manne kila mara na wayatangaze: umri wa tairi, upepo wake, mzigo uliobebwa, na kasi. Mwenye gari anunue geji na aitumie kila asubuhi kabla injini haijawaka. Dereva asome namba ya mlangoni. Na wewe abiria, uliyelipa nauli yako halali, una haki ya kulizunguka gari kabla ya kupanda, kuangalia kashata, kuhesabu waliobanwa viti vya nyuma, na kushuka. Nauli iliyopotea inaweza kutafutwa tena. Ajali ina kinga, na mwenye kuiacha kinga hiyo awajibike kwa jina lake.